Mwalimu Anayeuliza ya Kwetu

Emelyne alipouliza walitoka kilima gani kule Burundi, mama yake alikuwa amekaa mbele ya bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, anachambua majani. Prisila hakuinua kichwa. Jani la kahawia safi aliliweka upande huu, lenye madoa upande ule, vidole vimeshika utomvu mpaka vimekuwa vyeusi.

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Shuleni. Madam Aneth amesema kila mtu atengeneze kitabu chake. Cha mambo ya kwao. Babu alitoka wapi, bibi anapika nini, wanaimba nini."

"Mwambie umezaliwa hapa Katumba."

"Nimemwambia, mama. Akasema vizuri, na babu je?"

Hapo Prisila aliacha kuchambua.

Emelyne alikuwa anakariri darasa la tatu. Herufi alizijua moja moja, lakini zikishikana alikuwa anaangalia mdomo wa mwalimu na kubahatisha. Nyumbani walizungumza Kirundi; Kiswahili alikiokota dukani, kanisani na kwenye redio ya jirani. Nusu ya darasa walikuwa hivyohivyo. Madam Aneth, Mkonongo wa Magamba aliyehamishiwa pale mwanzo wa mwaka, alikuwa amechoka kuwasikia wakiimba kurasa wasizozielewa. Akaona bora waandike vitabu vyao wenyewe. Jalada walikata kwenye maboksi ya sabuni, kurasa wakashona kwa uzi wa magunia.

Prisila hayo hakuyajua, na hata angeyajua yasingemtuliza. Yeye alijua jambo moja: mtu anayeuliza baba yako alitoka wapi ana mahali anapolipeleka jibu. Baba yake mzazi, mzee Sixte, aliulizwa hivyo zamani na kijana mpole mwenye kalamu aliyekuwa anaandikisha wakimbizi. Akajibu kila kitu, tena kwa tabasamu. Miaka ikapita, akaja mwingine kuuliza yaleyale, mzee akataja kilima kwa jina lile wanaloliita wenyeji badala ya lile la serikali. Majibu hayakufanana. Ndugu zake wote wakapata vyeti vya uraia wa Tanzania, yeye cha kwake kikawa kinatafutwa. Mpaka leo kilikuwa kinatafutwa.

"Sikiliza," akamwambia binti yake. "Chora mahindi. Chora kuku. Ya babu na bibi achana nayo."

Chini ya upenu wa nyumba, mama mkwe wake Odeta alikuwa anasuka agaseke, kile kikapu kidogo cha Kirundi chenye mfuniko uliochongoka. Alisikia yote. Alilowesha ukindu kwa mate, akaendelea kusuka.

*

Wiki iliyofuata gari jeupe liliingia shuleni. Prisila alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ng'ambo ya barabara, akaliona kwa macho yake. Alishuka mwanaume mwenye shati lililopigwa pasi, akaingia darasa la tatu, na kupitia dirishani Prisila alimwona akifunua vile vitabu vya maboksi kimoja kimoja na kuvipiga picha kwa simu. Kila ukurasa. Alikuwa anacheka na watoto, anawapa peremende.

"Mmeona?" alisema Salvatori, mwenye mashine, akipangusa unga kwenye kope. "Mnadhani anafuata vitabu vile? Mtu mzima hawezi kutoka mjini na mafuta ya gari aje kupiga picha michoro ya kuku. Wazazi tumeshajifunza kufunga midomo, sasa wanawafuata watoto."

"Wanataka nini tena?" aliuliza mama mmoja. "Si tumepewa uraia?"

"Umepewa. Walipotupa uraia si walisema pia tutahamishiwa mikoa mingine? Mkaacha kupanda mihogo, mkakaa mnasubiri malori. Leo tuko hapahapa, hakuna aliyekuja kusema basi, yameisha. Mimi mwanangu Pontien haendi tena kwenye darasa lile."

Prisila alibeba unga wake akaondoka. Jioni alimpigia mume wake Pacifique, aliyekuwa machimboni. Mtandao ulikuwa unakatika. "Fanya unavyoona," alisikia, kisha simu ikafa.

Alivyoona yeye ni kwamba Emelyne abaki nyumbani. Asubuhi alimpa jembe. Mtoto alilia hadi shambani, na Prisila alimwacha alie.

Siku hiyo mchana alimuuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida tu: "Kwenye kitabu chako umeandika nini?"

"Kikapu."

"Kikapu tu?"

"Kikapu cha bibi," alisema Emelyne, akainamia jembe.

Prisila alimtazama kwa muda. Alimjua mwanawe. Kulikuwa na kitu nyuma ya kile kikapu, lakini yeye mwenyewe hakujua kusoma, na kitabu kilikuwa shuleni.

*

Madam Aneth alikuja mwenyewe, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Darasa lake lilikuwa limebaki nusu. Prisila alimpa kigoda akakaa, lakini hakumkaribisha ndani, wala hakumletea maji. Odeta aliona hivyo, akatoka na kikombe mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama Emelyne," alianza mwalimu, "mtoto wako anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi nimekosa nini? Niambie. Huyu mtoto mwezi wa pili alikuwa hawezi kusoma hata 'mama anapika'. Sasa hivi anasoma. Anasoma kwa sababu ni maneno yake mwenyewe, hawezi kuyabahatisha. Ukimtoa sasa atarudi kulekule."

"Yule mwenye gari ni nani?"

Aneth alikizungusha kikombe mkononi kabla ya kujibu. Prisila aliliona hilo na kulishika.

"Anaitwa Stanslaus. Ni wa mradi fulani wa kusoma, wana ofisi mjini Mpanda. Alikuja na mwalimu mkuu."

"Picha amezipeleka wapi?"

"Aliniambia ni za ripoti."

"Nimekuuliza amezipeleka wapi."

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Sijui," alisema. "Sikumuuliza. Nilifurahi tu kwamba kuna mtu amezipenda kazi zao."

Prisila alikuwa amejiandaa kwa uongo. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi ya kizungu, kwa hasira, kwa vitisho vya kuitwa kwa mtendaji wa kijiji. Kwa neno 'sijui' hakuwa amejiandaa. Lakini hata hilo alilipima mara ya pili. Huenda ni ujanja. Huenda amefundishwa kujibu hivyo.

"Kama hujui," alisema, "twende tukamuulize. Mimi na wewe. Asijue kwamba tunakuja."

"Kesho ni Jumamosi, nadhani wanafungua mpaka saa saba. Twende."

"Na Emelyne atakuja."

"Mtoto wa nini kwenye mambo haya?"

"Atakuja," alisema Prisila.

*

Walipanda bodaboda mbili mpaka barabara kubwa, kisha Noah ya abiria mpaka Mpanda. Njia nzima Prisila alimkalisha binti yake upande wa dirisha, mbali na mwalimu. Hakutaka wanong'onezane.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, kina feni na picha za watoto wanaocheka ukutani. Stanslaus alisimama alipomwona Aneth, uso umechangamka. Alileta soda tatu. Emelyne alinyoosha mkono, mama yake akamshika kiwiko, mkono ukarudi.

"Madam, sikujua unakuja! Kazi yako imependwa sana. Na huyu si yule binti wa kikapu? Mama yake? Hongera sana mama, una mtoto mwenye kipaji."

"Nataka kuona picha ulizopiga," alisema Prisila.

"Bila shaka." Alitoa simu, akatelezesha kidole. "Hii hapa. Ni hadithi fupi tu, inasema bibi anasuka kikapu, anachemsha rangi, kikapu ni kizuri. Nzuri sana."

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo hivyo, kwa ufupi."

"Mpe mtoto simu. Nisomewe yote."

Stanslaus alimtazama Aneth. Simu ikapita mezani mpaka mikononi mwa Emelyne, naye akaikamata kwa mikono miwili kama sahani ya uji wa moto.

"Soma," alisema mama yake kwa Kirundi. "Usiruke hata neno. Nitajua ukiruka."

Asingejua. Emelyne alilijua hilo, na pengine wote mle ndani walilijua. Lakini mtoto alianza, kidole kikitembea juu ya kioo.

"Bibi yangu a-naitwa Odeta. Anasuka agaseke. Agaseke ni kikapu chenye mfuniko mrefu. Una-anika majani. Unachemsha na rangi. Mwanzo wa kikapu ni mdogo kama kitovu cha mtoto."

Alisoma polepole, anakwama, anarudi, anaendelea. Hakuangalia mdomo wa mtu. Prisila alimfuatilia kwa macho makali, akimvizia aone kama anakariri, na akaona kwamba mtoto akikosea neno alikuwa analirekebisha mwenyewe, kwa kuliangalia. Alikuwa hajawahi kumsikia akifanya hivyo. Jambo hilo lilimgusa, lakini alilisukuma pembeni; hakuja kwa ajili hiyo.

"Picha inayofuata," alisema.

"Bibi alikuja Tanzania akiwa mtoto. Walitembea usiku. Mama yake alimfunga mdomo kwa kitenge asilie. Walitoka kilima cha..."

Emelyne aliinua macho.

"Endelea."

Mtoto alilisoma jina la kilima. Lilikuwa jina la wenyeji, si la serikali, kama lile lililomponza baba yake, jina ambalo Prisila alikuwa hajalisikia likitamkwa na mtu asiye wa kwao, na sasa lilikuwa ndani ya simu ya mtu huyu, katika chumba chenye feni. Stanslaus alifungua mdomo aseme kitu, Aneth akamwashiria anyamaze.

"Bado kuna ukurasa mmoja," alisema Emelyne kwa sauti ndogo. "Mama, huo nisiusome."

"Nimesema yote."

"Mama hapendi kuulizwa. A-kiulizwa anaangalia mlango. Mimi nikijua kusoma watu wataniuliza mimi. Mama atapumzika."

Feni ilizunguka. Emelyne aliirudisha simu mezani, akaificha mikono yake chini ya mapaja. Prisila aligundua kwamba macho yake yalikuwa yameshafika mlangoni. Akayarudisha. Alipouliza tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Hizi picha umempelekea nani?"

"Mama, naomba uelewe, nia yetu ni njema—"

"Nani?"

"Kuna grupu la WhatsApp la walimu. Na wakubwa wangu Dar es Salaam. Tunafikiria kuvichapa, tuvigawe shule nyingine."

"Jina la mtoto lipo?"

"Lipo, ndiyo uzuri wenyewe, watoto waone—"

"Na kijiji?"

"Na kijiji pia."

"Hukuniambia hilo," alisema Aneth. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Uliniambia ripoti. Mimi nimewaambia wazazi ripoti."

"Mwalimu, nilidhani utafurahi."

"Na mimi nilidhani nimekuelewa."

Stanslaus hakuwa mtu mbaya. Hilo Prisila aliliona, na lilimsumbua zaidi kuliko kama angekuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyechukua vya watu bila kufikiri ni vya watu. Alizifuta picha mbele yao, moja baada ya nyingine, akiwaonyesha kioo. Akaandika kwenye lile grupu na kwa wakubwa wake kuomba nao wafute. Emelyne aliusoma ujumbe huo kwa sauti kabla haujatumwa, kwa sababu mama yake alidai hivyo.

"Nitajuaje kwamba waliopokea wamefuta?" aliuliza Prisila.

Stanslaus alijikuna shingo. "Huwezi kujua, mama. Hata mimi siwezi. Samahani."

Soda ziliachwa mezani, hazijafunguliwa.

*

Waliporudi, Prisila alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake.

"Kwa nini ulimwambia mtoto?"

Odeta hakujifanya haelewi. "Aliniuliza."

"Nilimkataza."

"Ulimkataza yeye, mimi hukunikataza. Miaka yote hii niko kwenye upenu wa nyumba yako, Prisila, hujawahi kuniuliza nilifikaje hapa. Unaogopa kuulizwa, sawa, una sababu. Lakini na kuuliza je? Nikifa na mambo yangu nani ameshinda?"

Prisila aliokota kuni mbili. Aliingia ndani akawasha moto.

Mwalimu mkuu aliitisha kikao cha wazazi siku chache baadaye. Watu walijaa mpaka nje ya darasa, na Salvatori ndiye aliyeanza. Alisema vitabu vichomwe vyote palepale uwanjani, kila mtu aone. Wengi walipiga makofi. Aneth alisimama mbele yao, akasimulia alichokikuta Mpanda bila kukipunguza, na alipofika mahali pa kusema kwamba alikuwa hajui picha zinakwenda wapi, sauti zilipanda hata hakusikika tena.

Prisila alisimama. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu.

"Mimi nimeenda mpaka kwenye ile ofisi," alisema. "Salvatori alihisi, na kitu kilikuwepo. Si kile alichosema, lakini kilikuwepo, na tusingeshtuka kingeendelea. Sasa niwaambie kingine. Yule bwana alinisomea kitabu cha mwanangu kwa kukikata. Vyote vyenye uzito aliviruka. Ningejuaje? Aliyenisomea yote ni huyu wangu wa darasa la tatu. Mwaka jana asingeweza. Mkichoma vitabu, kesho mkiletewa karatasi mtaenda kusomewa na nani? Na Salvatori?"

Watu wachache walicheka. Salvatori hakucheka.

"Pontien haendi," alisema, akatoka.

Walibaki wakibishana mpaka jua likapungua. Mwisho walikubaliana kwamba vitabu haviondoki shuleni, haipigwi picha hata moja, na hakuna jina la ukoo wala la kilima. Mzazi asomewe ukurasa kabla mwalimu hajaupokea. Aneth alikubali yote. Baadhi ya watoto walirudi darasani Jumatatu, wengine baadaye, na wengine hawakurudi. Pontien alionekana kwenye mashine, anashika mdomo wa gunia wakati wenzake wako shule.

Ule ukurasa wa kilima Prisila aliukata mwenyewe kwa wembe, mbele ya mwalimu. Alifikiria kuutia kwenye jiko. Badala yake alimpelekea Odeta, na bibi akaukunja akauweka kifuani.

Tangu hapo kila Emelyne alipomaliza ukurasa, alimsomea mama yake kwanza. Prisila alikuwa msikilizaji mgumu. Alirudisha neno hili, akafuta lile, akauliza kwa nini umeandika rangi ya mlango wetu, mtu akitaka kuja si atatujua. Emelyne aliandika upya, na kila akiandika upya mkono ulizidi kunyooka. Mradi wa Mpanda ulituma ujumbe kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya kuchapa vitabu, safari hii kwa adabu na bila haraka. Wazazi wengine waliruhusu. Prisila alikataa, na alipoulizwa sababu alisema tu kwamba hataki.

Na Aneth? Prisila alimsalimia vizuri, akamletea maji akija. Siku moja alimpa na mahindi mabichi. Lakini bado alimwangalia mikono, ameshika nini, anatoka na nini.

Jumapili moja walikuwa wanarudi kutoka kanisani, Prisila na Emelyne, Odeta akiwa amebaki na kina mama wa kwaya. Njia ilikuwa tupu.

"Mama," alisema Emelyne, "wewe ulipokuwa mdogo mlikuwa mnacheza nini?"

Prisila alitembea hatua kadhaa.

"Hiyo unaenda kuiandika?"

"Hapana. Nauliza tu."

Alimtazama mtoto usoni, akatafuta kama kuna kitu kingine, kama alivyotafuta siku ile shambani. Hakukiona. Au pengine kilikuwepo na yeye hakukijua. Alivua kandambili moja, akakung'uta mchanga, akaivaa tena.

"Kulikuwa na mchezo wa mawe," alisema. "Wasichana watupu. Unakaa chini, unachimba shimo..."